Kishimo Nyuma ya Kitasa

Jumapili, 8 Desemba 2024

Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo: mswaki wangu wa kijani, uliokitumikia kinywa hiki kwa uaminifu tangu Pasaka, umestaafu leo baada ya ibada ya kwanza na kuajiriwa upya kwenye gari. Mazishi hayapo. Maua yasiletwe.

Winfrida, mke wangu, angecheka. Halafu angesema, Godlove, una miaka hamsini na sita, nenda kabadilishe shati.

Basi, kazi imeanza. Jumamosi ya tarehe 21 tunaweka msalaba wa kudumu kwenye kaburi lake – mwaka umetimia – na baada ya ibada binti yetu Ruth anaondoka na gari, analipeleka Dodoma anakofanya kazi. Ni gari la mama yake. Mama yake hakulishika usukani hata siku moja. Alikaa kushoto miaka kumi na minne, akiniendesha mimi.

Corolla, rangi ya damu ya mzee. Rangi ya watu wenye majivuno – haifichi mkwaruzo hata mmoja. Boneti, paa na milango nilimaliza jana. Hizo ni kama meno ya mbele, kila mtu anayasugua vizuri. Miaka ishirini na saba kliniki nawashikia watu kioo na kuwaambia: tatizo liko huku nyuma, mswaki wako haufiki. Wanaitikia kwa kichwa na kurudi mwaka unaofuata wakiwa wameoza palepale.

Leo: katikati ya herufi za nyuma, kuzunguka taa, chini ya waipa. Chini ya waipa nimekuta maua ya jakaranda yaliyokauka hadi kuwa unga. Si ya mwaka huu hayo. Yaliingia yeye yupo.

Kwenye sanduku la polishi, kile kikopo kidogo cha bati nimekisogeza pembeni. Hakina kazi.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, kliniki imefungwa. Nimeteremka na gari hadi Majengo kwa Sadallah, mwenye kibanda cha kuosha na kupiga magari polishi. Nilimng'oa jino mwaka 2009 na hajanisamehe. Kila nikifika anajishika shavu. Leo akakaa juu ya ndoo, akanipigisha magoti kwenye kokoto, akasema zamu yangu imefika na ganzi zimekwisha.

Somo lenyewe: kwenye raba bandika mkanda wa karatasi, la sivyo polishi itakaukia pale na kuacha weupe usiotoka. Mfereji wa paa – kijiti cha mshikaki kilichozungushiwa kitambaa laini. Kwenye kingo usipeleke mashine kabisa. Rangi pale ni nyembamba, ukikazana kidogo tu umefika kwenye bati. Kasema mimi nasugua kama mtu mwenye hasira na gari. Nikamwambia ni gari lenye hasira na mimi.

Halafu tukafika kwenye kishimo nyuma ya kitasa. Mlango wa mbele, kushoto. Pale panapoingia vidole mtu akifungua. Sadallah akamulika kwa tochi ya simu. Hapa mashine haiingii, akasema, sponji haiingii, na mswaki unaongeza mikwaruzo. Hapa ni kidole chako mwenyewe, kivishe kitambaa, zungusha polepole.

Akaangalia tena ndani ya kishimo. Akasema mikwaruzo ile minene ni ya pete, na ile myembamba ni ya kucha tu, kila gari linayo. Kisha akasema taratibu kwamba habari ya pete aliisikia, Mungu amrehemu mama.

Hata Majengo wameisikia!

Niiandike basi, maana sijawahi kuiandika. Winfrida alipolazwa kwenye jeneza, kidoleni hakukuwa na pete ya ndoa. Aliyemuuguza hadi mwisho, na aliyemwosha na kumvika pamoja na akina mama wengine wawili, ni Salvina, jirani yetu wa chini ya mfereji. Watu wakaunganisha. Salvina alisema tangu siku ile kwamba hakuikuta pete. Nani alimsikiliza?

Mimi sijamtaja mtu. Hilo liandikwe.

Kile kishimo sikukigusa leo. Magoti yaliuma.

Jumatano, 11 Desemba

Wagonjwa kumi na moja. Mmoja aliniuma kidole. Kidole chenyewe ndicho cha kazi ya kitasa, kwa hiyo nimepata udhuru wa kitabibu.

Jioni: bawaba za milango, kwa kijiti. Uchafu mweusi wa grisi, miaka na miaka. Hakuna atakayeziona. Nimezifanya zote nane.

Jumamosi, 14 Desemba

Shemeji Elisifa amefika kutoka Same. Ni dada mkubwa wa Winfrida, na ndiye msimamizi mkuu wa shughuli, hakuna aliyemchagua na hakuna atakayemwondoa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwenye paa la nyumba akitafuta kutu. Amepanga kila kitu: viti, turubai, mbuzi wawili, ndizi za kupikia machalari zitoke kwenye migomba ya kihamba chetu zisinunuliwe, pombe ya mbege itoke kwa shangazi. Mchungaji atakuja saa nne.

Alinikuta nimelala chali nikisafisha chini ya kizingiti cha mlango. Akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Mdogo wangu hukumpapasa hivi alipokuwa hai, shemeji."

Wote waliokuwepo walicheka. Na mimi nilicheka, chini ya gari kule. Ni utani wa shemeji, na ni wa haki. Ila nilikaa chini pale muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

Kabla ya kuondoka akaniita pembeni ya zizi. Kasema Salvina asipewe kazi jikoni siku hiyo. Hamfukuzi, kila mtu ana haki ya kufika kaburini, lakini mikono ile asiione kwenye sahani za wageni. Nilisema Salvina alimuuguza miezi minne. Elisifa akajibu, ndiyo maana alipata nafasi.

Nilisema, "Mh."

Hiyo ndiyo hotuba yangu yote ya utetezi. Mh.

Jumapili, 15 Desemba

Ibada. Salvina alikaa benchi la nyuma, mwisho kabisa, nafasi ya watu watatu ikiwa wazi kati yake na mwenzake. Zamani aliketi na Winfrida la tatu kutoka mbele na walikuwa wakigawana pipi ya mnanaa wakati wa mahubiri, wakidhani sioni.

Mchana nimefanya nyuma ya saiti mira. Vizuri sana. Ningejipa cheti.

Jumanne, 17 Desemba

Lazima niandike hili kama lilivyokuwa, maana kesho nitalipamba.

Nilirudi kazini saa tisa. Nikafungua mlango wa kushoto, nikaanza kupitisha kijiti kwenye ukingo wake wa ndani. Nikasikia hodi ya chini chini. Salvina. Amevaa kitenge cha akina mama wa kanisani, siku ya Jumanne, na viatu vya kufunga. Kwa njia ya mfereji watu hupita na ndala. Nikajua amekuja rasmi.

Mkononi alikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Nilisimama. Niliacha kijiti kikining'inia kwenye mlango. Akasema hatakaa, ana majani ya ng'ombe ya kukata. Kisha akasema, akiangalia gari, si mimi:

"Baba Ruth, pete sikuichukua. Lakini sitaki Jumamosi nipite mbali na kaburi la rafiki yangu kama mbwa aliyefukuzwa. Kama kuna jambo nililowakosea bila kujua, hili hapa. Nisameheni."

Akalinyoosha kwa mikono miwili.

Isale haikataliwi. Babu zetu walisimamisha vita kwa jani hili. Ukiletewa na mtu aliyekuchomea nyumba, unapokea na yamekwisha. Na mimi nikapokea. Kwa mikono miwili, yenye polishi nyeupe hadi kwenye kucha. Nikasema, "Karibu chai."

Karibu chai!

Akasema asante, siku nyingine. Akateremka. Alitembea kwa unafuu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha gari ndipo nikaelewa nilichofanya. Anayepokea isale amesamehe. Lakini huwezi kusamehe mahali pasipo na kosa. Kila mtu hapa Old Moshi anajua hesabu hiyo: aliyeleta isale amekiri. Mtu asiye na kosa ameniomba msamaha, na mimi nimempa! Kwa kupokea lile jani nimempiga muhuri wa wizi kwenye paji la uso.

Nilipaswa kumkimbilia. Anaishi hatua mia mbili. Nilirudi kwenye ukingo wa mlango nikasugua mpaka kitambaa kikatoboka.

Pete ninayo mimi. Imo kwenye kikopo cha bati, ndani ya sanduku la polishi. Haya, nimeandika. Kalamu haikuvunjika.

Jumatano, 18 Desemba

Akina mama wawili walikuwa wakifua mferejini Salvina alipopita na jani lake. Kufikia saa mbili asubuhi Elisifa alikuwa na habari zote, na yeye yuko Same! Kanipigia nikiwa na mgonjwa kitini, mdomo wazi.

"Umeona, shemeji? Isale imesema yenyewe."

Hana kinyongo tena, anasema. Salvina amesamehewa, amesamehewa. Ila sasa kwa kuwa amekiri, Jumamosi arudishe pete. Mbele ya msalaba, kabla ya sala, mbele ya watu, ili marehemu apumzike. Amekwisha kumwambia mchungaji aache nafasi kidogo baada ya wimbo wa pili.

Nilimwambia nina mgonjwa. Mgonjwa akanikodolea macho, maskini, akidhani kuna habari mbaya ya jino lake.

Alhamisi, 19 Desemba

Mwaka mmoja leo. Nimeosha magurudumu.

Ijumaa, 20 Desemba

Ruth amefika asubuhi. Amekonda, ana sauti ya mama yake akiwa mlangoni kiasi kwamba niliitikia "naam" badala ya "marahaba". Akalizunguka gari mara mbili, akitafuta kasoro, ndivyo tulivyomlea. Kasema, Baba, umekuwa fundi, ukistaafu meno una kazi. Akapitisha kidole nyuma ya saiti mira, kwenye herufi, kwenye mfereji wa paa. Safi kote. Nilivimba kama jogoo.

Kisha akashika kitasa cha kushoto, akainama.

"Baba, hapa umesahau."

Kabla sijasema neno alikuwa amechukua kitambaa, amekizungusha kidoleni, amekitia polishi kama aliyezaliwa Majengo, na kukiingiza kwenye kishimo.

Nilipiga kelele. "Acha!" Kuku walikimbia. Ruth ana miaka ishirini na saba na sijawahi kumpigia kelele hata alipovunja kioo cha kanisa. Aliutoa mkono kama aliyeungua. Akauliza kuna nini. Nikasema rangi pale ni nyembamba, itakwisha. Uongo wa kitaalamu. Akanitazama, akasema sawa Baba, akaingia ndani na begi lake.

Nimechungulia kwa tochi. Alizungusha mara mbili au tatu tu. Upande mmoja umeng'aa, ukubwa wa punje ya mahindi. Mikwaruzo mingine ipo.

Nimepiga magoti pale hadi giza likaanza kuingia. Kwa mara ya kwanza nimetia kidole changu, kitupu, bila kitambaa. Nilichokiona pale ndicho nitakachoandika kesho. Nisipoandika kesho, nisiandike tena kamwe.

Jumamosi, 21 Desemba

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya gari, kiti cha kushoto, kiti chake. Gari limesimama chini ya migomba, tayari kwa safari. Turubai limesimama. Watu wanafika. Wanaopita wananiona nimeinama wanadhani naandaa hotuba ya shukrani. Na waendelee kudhani.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kweli. Hata wewe daftari nilikudanganya, na huna shemeji wa kumwambia.

Machi 2022. Gari lilikuwa limetoka kupigwa rangi upya. Tulikwenda harusini Chekereni. Baada ya sherehe, watu wako nje wanaagana, Winfrida akafungua mlango, mkono wa kulia una mkoba, wa kushoto kitasani. Nikaona mikwaruzo kwenye rangi mpya. Pete yake ilikuwa na kijiwe kilichochomoza. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia nyumbani. Lakini palikuwa na watu, na mimi mbele ya watu ni mchekeshaji. Nikasema kwa sauti: "Jamani, mke wangu ananichongea gari kama kinyago! Pete niliinunua mimi, na gari nalitengeneza mimi – nimejiletea mwizi ndani."

Walicheka sana. Mzee mmoja alishika mti. Winfrida naye alicheka.

Njiani, kabla hatujafika lami, alilowesha kidole kwa mate, akaivua pete, akaiweka hapa, mbele yangu, juu ya dashibodi. Akasema, "Haya. Gari lako limepona."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo.

Nilidhani ni utani. Nikaujibu kwa utani: nikaitia kwenye kikopo cha bati tulichokuwa tukiwekea nta, nikasema iko rumande. Nilipanga kumrudishia jioni ile. Jioni tulifika tumechoka. Kesho yake nikasema moyoni, akiiomba nitampa. Yeye naona alisema moyoni, akinipa nitaivaa. Nikamsubiri aombe, akanisubiri nimpe. Tukasubiriana karibu miaka miwili, kwa adabu kabisa, tukipitishiana chumvi mezani. Watu walipomuuliza alisema vidole vimevimba. Alinitunzia aibu yangu. Kisha akaugua, na vidole vikawa vyembamba hata pete isingekaa.

Siku ya mazishi Elisifa alinisogelea jeneza likiwa wazi, akauliza kwa sauti ya chini, pete iko wapi? Nilitazama mkono ule. Ningesema, ninayo, niliivua kwa mdomo wangu. Badala yake nikasema maneno mawili.

"Alikuwa nayo."

Basi. Sikumtaja mtu, ni kweli. Nilisema maneno mawili na nikawaachia wengine watafute mwizi. Salvina, aliyekuwa akimgeuza kitandani miezi minne na kuona kila siku kidole kitupu, alisema ukweli na hakuaminiwa, kwa sababu mume alikuwa amesema.

Na jana, kwenye kile kishimo: mikwaruzo myembamba imepita juu ya minene. Ipo mingi. Niliifuata kwa kidole. Alipoivua pete, mikwaruzo haikukoma. Ilikuwa ya kucha. Zilikuwa kucha zake tu, kama kucha za mtu yeyote anayefungua mlango ili akae karibu na mumewe. Sadallah aliniambia tangu siku ya kwanza, kila gari linayo.

Saa nne kasoro dakika kumi. Mchungaji ameshafika, anapewa maji. Salvina naye amekuja. Amekaa kiti cha mwisho, karibu na zizi, kitenge kilekile. Sasa hivi ameinuka kusaidia kupokea sufuria kutoka kwa akina mama. Elisifa amemwahi, amelishika sufuria, anatabasamu. Nimeshusha kioo kidogo, nimesikia. Kamwambia apumzishe mikono, leo ina kazi nyingine.

Salvina amerudi kukaa. Ameiweka mikono chini ya mapaja, kama mtoto wa shule.

Asubuhi nimekata majani mawili mabichi ya isale mpakani. La kwake ninalo hapa, limekauka, nitamrudishia. Moja ni la kumpa yeye. Lakini nimekuwa nikifikiri: nikimpa, hawezi kukataa. Nitakuwa nimejipatia msamaha kwa lazima, kama alivyojipatia aibu kwa lazima. Kwa hiyo kwanza niseme, na niseme kwa sauti ileile niliyotumia Chekereni, mbele ya watu wasiopungua wale. Jani baadaye, kama bado anataka kunitazama. La pili ni la Winfrida. Yeye nitamwekea tu.

Kikopo kimefunguka kwa shida, kilikuwa kimekwama na nta. Pete ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Imo mfuko wa shati.

Wimbo wa kwanza umeisha. Ruth anakuja huku, ananitafuta, ameshika kitabu cha nyimbo. Elisifa anamwonyesha Salvina kwa kidole aje mbele. Wimbo wa pili unaanza, na Salvina hajaelewa bado, anaangalia nyuma yake kuona anayeitwa ni nani.

Ruth ameshika kitasa. Nasikia kucha zake.